Je, jotoardhi litalipa kwenye kitalu nyumba Mkange?

Swali: Nalima nyanya Mkange, Bagamoyo. Nasikia Kenya wanapasha vitalu nyumba kwa jotoardhi. Nami nitafaidika?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza kupasha vitalu kwa jotoardhi mwaka 2003 kwa kukodi kisima kilichokwisha kuchimbwa na KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme. Hapo ndipo penye nafuu, kwani kuchimba kisima kipya hugharimu mamilioni ya dola. Tena Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari: usiku wa baridi, joto hilo hupunguza unyevu unaoleta ukungu kwenye maua. Kwetu pwani, adui ni joto lenyewe. Fedha zako ziweke kwenye paa refu linalopitisha hewa, wavu wa kivuli na umwagiliaji wa matone.