Je, Nilizaliwa Hivi? Somo juu ya Kujipima Dalili za Usonji kwa Mtu Mzima



Asubuhi moja, kabla hatujaanza kuosha vidonda, alinijia ndugu mmoja wa hapa Salamabila. Kazi yake ni kupima dhahabu kwa mizani ndogo, kwa mfanya biashara anayenunua kwa wachimbaji. Umri wake ulikuwa miaka 34. Hakuniamkia. Alinyosha simu yake mbele ya uso wangu akasema, “Munganga, nimepata thelathini na sita. Je, niko mgonjwa?”

Nilidhani anasema juu ya homa, nami nikamjibu kwamba thelathini na sita si homa. Kumbe, alikuwa ameketi usiku kucha akijibu maswali hamsini ya Kifaransa aliyoyakuta katika simu. Maswali hayo ni juu ya jambo ambalo kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa usonji, na waliosoma Kifaransa huliita otisme. Katika hamsini amepata thelathini na sita.

Nilimjua ndugu huyu. Wengi kanisani walimjua, wala si kwa sifa njema. Walisema ana kiburi. Ukimwuliza habari za nyumbani hujibu “nzuri,” asikuulize na wewe. Ngoma zikianza kupigwa yeye hutoka, akakaa chini ya mwembe ameziba masikio. Lakini ukimwuliza bei ya gramu ya dhahabu mwezi wa tatu wa mwaka uliopita, atakuambia, na ya siku iliyofuata pia, hata kama hukuiuliza. Mke wake alikuwa amekwisha kufunga mizigo mara mbili arudi kwa wazazi wake Kasongo, akisema ameolewa na jiwe. Na mara mbili wazee walimwombea, wakimkemea pepo. Sitaficha jambo hili: mara ya pili nami nilikuwapo, na mkono wangu ulikuwa juu ya kichwa chake. Alitetemeka sana. Tulisema, “Tazama, pepo anatoka.” Leo najua alitetemeka kwa sababu watu sita walimshika pamoja na kupiga kelele karibu na masikio yake.

Basi, usonji ni nini? Si ugonjwa wa kuambukizwa, wala si wazimu. Ni namna ubongo ulivyojengwa tangu mtoto angali tumboni mwa mama yake, na mara nyingi twaona kitu kama hicho kwa baba, kwa mjomba au kwa ndugu wa tumbo moja. Akili ya mtu wa namna hii yaweza kuwa kali sana, au ya kadiri, au hafifu. Wengine husema vizuri, wengine hawasemi neno maisha yao yote. Lakini wote hufanana kwa mambo mawili. Kwanza, kuelewana na watu ni kazi nzito kwao: yale ambayo sisi tuliyajua bila kufundishwa, kama kutambua uso wa hasira au kujua zamu ya kusema, wao huyatafuta kama mtu atafutaye njia gizani. Pili, hupenda mambo yawe yale yale kila siku, hushikamana sana na kitu kimoja, na mwili wao husikia sauti, mwanga, harufu au mguso kupita kiasi, au pengine chini ya kiasi.

Jambo hili si jipya duniani. Mwaka 1925 mganga mwanamke wa Urusi, Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana sita wa namna hii. Mwaka 1943 Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11. Wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett wa mji wa Forest, Mississippi. Mtoto huyo alikua. Alifanya kazi katika benki, akaendesha gari, akasafiri katika nchi nyingi, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Namtaja kwa kuwa watu hufikiri usonji ni wa watoto tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Je, waliozaliwa hivyo Kabambare miaka arobaini iliyopita wako wapi leo? Wako kati yetu, na majina tuliyowapa ni mkaidi, mjinga, mwenye kiburi, mlozi.

Sasa turudi kwa ile thelathini na sita.

Maswali yale yalitungwa Cambridge, Uingereza, na Simon Baron-Cohen pamoja na wenzake, yakatolewa mwaka 2001. Waliwauliza watu wazima waliokwisha kutambuliwa kuwa na usonji, na katika kila kumi, wanane walipata 32 au zaidi. Kisha waliwauliza watu wengine wa kawaida, na katika mia moja ni wawili tu waliofika hapo. Kwa hiyo ndugu yetu alisema, “Basi, imekwisha. Nimepita thelathini na mbili.”

Nilimjibu hivi: Kipima homa kikionyesha 39 twajua kuna homa, lakini hakituambii kama ni malaria, au homa ya matumbo, au jipu. Imetupasa kutoboa kidole na kutazama damu. Maswali yale ni kama kipima homa. Yanasema, “Hapa pana kitu, tazameni.” Na kwa usonji hakuna damu ya kutazama wala picha ya kupiga. Imetupasa kutazama maisha ya mtu.

Tena maswali yale yalitungwa kwa watu wa Cambridge. Huuliza kama mtu hupenda kwenda maktaba kuliko karamu, au jumba la michezo ya kuigiza kuliko jumba la vitu vya kale. Mtu wa Salamabila atajibu nini? Maswali mengine ya namna hii huuliza kama unamtazama macho mtu anayesema nawe. Kwetu, kijana anayekaza macho mbele ya mzee hana adabu, na mke mgeni anayenyamaza mbele ya mkwe wake amelelewa vema. Ukimpa alama kwa hayo, utawahesabu nusu ya vijana wetu wenye heshima. Waganga wa Kampala waliliona jambo hili. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walitengeneza maswali 23 kwa ajili ya watoto wa Uganda wa miaka 2 mpaka 9, wakatoa habari za kazi hiyo mwaka 2014. Hayo ni ya watoto, lakini yatufundisha kwamba swali lazima lifae mahali linapoulizwa.

Mimi swali langu la kwanza ni moja: Toka lini?

Usonji hauanzi mtu akiwa na miaka thelathini. Ukiwapo leo, ulikuwapo ulipokuwa unacheza uchi kwenye mvua, hata kama hakuna aliyeutambua. Kama zamani ulikuwa mchangamfu na sasa wawakimbia watu, tutafute kitu kingine. Wako waliopita katika vita, wakaona mambo ambayo macho hayapaswi kuona. Hao hushtuka wakisikia mlio, huogopa makutano, usiku hawalali. Hilo ni jeraha la moyo, nalo lina njia yake ya kutunzwa. Wako ambao masikio yao yameharibika baada ya homa ya uti wa mgongo, nao huonekana wana kiburi kumbe hawasikii. Wako wenye huzuni nzito.

Na hapa kwetu penye dhahabu kuna jambo ambalo sitalipita upesi, nalo ni zebaki, yale maji mazito yang'aayo kama fedha ambayo hukamata dhahabu mchangani. Watu huichoma dukani, hata jikoni penye chakula na watoto. Mvuke wake hupita mapafuni ukafika ubongoni. Mtu huanza kutetemeka mikono, husahau, hukasirika ghafula, usingizi humpotea, huona haya na kuwaogopa watu. Jirani watasema amebadilika tabia, ingawa ameingiwa na sumu. Kwa ndugu yetu niliogopa hili kwanza, maana duka analofanyia kazi huchoma. Nikamwambia anyoshe mikono. Ilitulia kama ubao. Hata hivyo nilimwambia asikae tena karibu na moto ule, nawe msomaji nakuambia vivyo hivyo.

Baada ya “toka lini” nauliza mengine, wala sihesabu alama. Mtu akikuambia “nitapita kesho” kwa kukuaga tu, je, wakaa mlangoni toka asubuhi mpaka jioni ukimngoja? Watu wakicheka penye barza, wewe hucheka kwa kuwa wao wamecheka, usijue ni kwa nini? Njia uliyoizoea ikifungwa na mti ulioanguka, siku yako yote huharibika? Mlio wa jenereta, au mvua juu ya mabati, au mtwangio kinuni, wakuumiza kama meno? Kuna chakula usichoweza kukimeza, si kwa ladha, bali kwa jinsi kinavyoteleza ulimini? Na baada ya kukaa kilioni siku moja, ukiwa umejilazimisha kusema yote yanayosemwa, je, walala siku mbili umechoka kama aliyelima?

Swali hili la mwisho wanawake wengi hulijibu kwa machozi. Wasichana hufundishwa mapema kutabasamu, kusalimu, kutumikia wageni, na mwenye usonji hujifunza yote hayo kama mtu anayekariri somo la lugha ya kigeni. Kwa nje hakuna anayejua. Mwaka 2019 Laura Hull na wenzake, Uingereza, walitoa maswali 25 juu ya kule kujificha tu. Ndiyo sababu wanawake hutambuliwa wakiwa wamechelewa, na wengine hawatambuliwi kabisa.

Usijibu ndiyo kwa moja au mawili ukashtuka. Mimi pia sipendi jenereta. Tunatafuta mambo mengi pamoja, yaliyokuwapo toka utoto, yanayomzuia mtu katika kazi, nyumba au urafiki.

Ndugu yetu nilimwambia, “Mlete mama yako.” Alikuja mama mzee kutoka kijiji kimoja upande wa mto Luama, siku mbili njiani. Sikumwambia ninatafuta nini. Nilisema tu, “Mama, niambie alivyokuwa mtoto.” Akasema kwamba hakutamka neno mpaka alipofikisha miaka minne, na neno lake la kwanza lilikuwa hesabu. Alikuwa akipanga kokwa za michikichi kwa mstari, kutoka mlangoni mpaka jikoni, na mtu akizisogeza moja alilia mpaka usiku. Kilioni kwa babu yake, wanawake walipoanza kuimba, alikimbilia porini wakamtafuta kwa taa. Kisha mama akashusha sauti: “Jirani walisema nimekula kitu cha ulozi nikiwa na mimba yake. Baba yake aliamini.” Mke wa ndugu yetu alikuwa ameketi pale. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia hayo.

Mama yule hakukosa lo lote. Usonji hautoki kwa ulozi, wala kwa dhambi ya wazazi, wala kwa chanjo. Juu ya chanjo, kuna makala iliyotolewa Uingereza mwaka 1998 iliyowatia watu hofu. Ilichunguzwa, ikaonekana si ya kweli, na mwaka 2010 ikafutwa na gazeti lile lile lililoitoa. Basi watoto wachanjwe. Na anayemwita mtoto mlozi ajue kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inakataza jambo hilo.

Dawa ya kuondoa usonji hakuna. Ukiuziwa chupa, umeibiwa. Lakini mwenye usonji aweza pia kuwa na kifafa, au huzuni, au kukosa usingizi, na hayo yanatibika. Akisema anatamani kufa, msimwache peke yake hata saa moja, mleteni. Waganga wa akili wako mbali nasi: Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, zote mbili kazi ya Mabruda wa Upendo. Safari hiyo ina gharama kubwa, nami siwatumi huko wote wenye thelathini na sita, bali wale ambao maisha yao yamekwama.

Kwa ndugu yetu tulianza na nyumba. Nilimwambia mke wake, “Mama, usiseme ‘kuni zimekwisha’ ukingoja ainuke. Atakubali kwamba zimekwisha, akae. Sema, ‘Nenda ulete kuni sasa.’” Alicheka, kisha akalia, maana alihesabu ni miaka mingapi amesubiri kuni. Wazee wa kanisa walimpa kiti karibu na mlango, atoke ngoma zikianza na kurudi wakati wa mafundisho, bila mtu kumwuliza. Na sasa hesabu za sadaka ni kazi yake, wala hazijapungua hata franga moja.

Nami nilimwomba msamaha kwa siku ile ya mikono. Alifikiri kidogo akasema, “Ilikuwa Jumatano. Mkono wako ulinuka sabuni ya hospitali.” Kisha akaondoka kwenda kazini bila kuniaga.

Wewe uliyesoma haya na kujitambua, andika majibu yako katika karatasi, kwa maneno yako, pamoja na mifano ya siku za utoto. Njoo nayo, na uje na mtu aliyekulea: mama, shangazi, yaya, ye yote akumbukaye ulivyocheza. Kama makutano ya asubuhi yanakuumiza, njoo saa tisa alasiri, wagonjwa wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani.