Kuhariri Mstari wa Amri Katika Maganda ya Unix

Katika mfumo wa Unix, mtumiaji wa kompyuta hazungumzi na kiini cha mfumo moja kwa moja. Kati yao ipo programu iitwayo ganda, ambayo huipokea amri iliyopigwa kwa kibodi, huifasiri, kisha huifikisha inakohusika. Maganda ni ya aina nyingi, na kila moja lina desturi zake za kusahihisha mstari wa amri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 amri zilichapwa kwa mashine za teletaipu, na herufi iliyokwisha kuchapwa karatasini haikufutika. Hivyo mtumiaji alipiga alama # ili herufi iliyotangulia isihesabiwe, au @ ili mstari wote ubatilike. Vioo vya kuonyeshea maandishi vilipoenea, njia bora zaidi ziliwezekana. Mwaka 1983 David Korn wa Bell Laboratories alilitangaza ganda la ksh, ambalo lilimwezesha mtumiaji kurudi ndani ya mstari na kuurekebisha kwa vitufe vya vihariri vya vi au Emacs. Ganda la bash la mwaka 1989 na zsh la mwaka 1990 yalifuata njia hiyohiyo.

Kufanana huko ndiko kunakoponza. Katika mpangilio wa kawaida wa bash, vitufe vya Control na U vikibonyezwa pamoja hufuta maneno yaliyo kushoto kwa kielekezi tu. Katika zsh hufuta mstari mzima.

Tuchukue mfano. Mtu aliyezoea zsh anatumia bash. Ameandika

ls takwimu

na kielekezi kipo kabla ya neno la pili. Anabonyeza Control na U, akidhani mstari umekwisha. Kumbe neno «takwimu» limebaki. Kwa haraka anaandika «rm rasimu» na nafasi moja, kisha anabonyeza Enter. Ganda husoma mstari wote, popote kilipo kielekezi. Amri inayotekelezwa ni

rm rasimu takwimu

na mafaili yote mawili yanafutwa. Amri ya rm haiweki kitu akiba; asiye na nakala amepoteza kazi yake.

Kinga yake ni nyepesi. Control na A hukipeleka kielekezi mwanzoni mwa mstari, na Control na K hufuta hadi mwisho wake. Vitufe hivyo hufanya kazi sawa katika bash na zsh, mradi mtindo wa Emacs unatumika. Apendaye mtindo wa vi ataandika «set -o vi», amri inayoeleweka katika ksh, bash na zsh. Lakini akumbuke kwamba marekebisho aliyoyaweka katika faili la .inputrc husomwa na bash, wala si na zsh.

Jambo hili linawahusu hasa watumiaji wa kompyuta za Mac, ambazo tangu mwaka 2019 humpa mtumiaji mpya zsh badala ya bash. Basi, kabla ya kubonyeza Enter, mstari usomwe wote mpaka mwisho.