Uliumbwa au Ulitokea? Hoja za Wasioamini Mungu kuhusu Asili ya Ulimwengu na Mzigo wa Msamiati wa Kiswahili

Utangulizi

Swali la asili ya ulimwengu ni miongoni mwa maswali kongwe ambayo binadamu amejiuliza. Huko Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma, mahali ambapo ardhi huteremka kutoka Mlima Elgon kuelekea Malakisi na mpaka wa Lwakhakha, majibu matatu ya swali hili yameishi pamoja kwa muda mrefu. La kwanza ni la masimulizi ya Wabukusu wenyewe. La pili ni la Biblia, lililoenezwa na wamisheni katika karne ya 20. La tatu ni la sayansi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika mfumo wa 8-4-4 aliyakuta yote matatu katika somo la Historia, pale alipotakiwa kueleza chimbuko la binadamu kwa nadharia ya uumbaji, kwa visasili na kwa nadharia ya mageuko.

Lipo jibu la nne ambalo halikutengewa nafasi yake: jibu la wale wasioamini kuwapo kwa Mungu. Mara nyingi jibu hili huchanganywa na lile la sayansi, ilhali mawili hayo si kitu kimoja. Mara nyingine hukataliwa kabla halijasikilizwa, kwa kuwa jina tu analopewa mwenye kulitoa linatosha kumhukumu. Makala haya yanakusudia kubainisha hoja za watu hao kuhusu asili ya dunia na ulimwengu, kisha kuchunguza jinsi zinavyopokelewa zinapoelezwa kwa Kiswahili. Dai kuu ni kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuzibeba hoja hizo kwa uadilifu, mradi mtumiaji wake atambue kuwa baadhi ya vitenzi vyake huuliza "nani?" hata pale ambapo msemaji alikusudia kuuliza "vipi?".

Masimulizi ya Wabukusu

Günter Wagner, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefanya utafiti katika eneo la Kavirondo Kaskazini katika miaka ya 1930, alichapisha matokeo yake mwaka 1949. Katika masimulizi ya Wabukusu aliyoyanakili, Wele Khakaba aliyafanya kwanza makao yake mwenyewe, yaani mbingu, akayategemeza kwa nguzo kama paa la nyumba linavyotegemezwa. Kisha akafanya jua na mwezi, ndugu wawili walioshindana kwa mng'aro. Walipigana mieleka, jua likauangusha mwezi na kuupaka matope, ukapungua nuru. Wele akawatenganisha: jua litawale mchana, mwezi uangaze usiku. Baadaye zilikuja nyota, mawingu, mvua na radi, kisha dunia, na hatimaye mwanamume wa kwanza, Mwambu, na mwanamke wa kwanza, Sela.

Masimulizi haya yana tabaka mbili. Tabaka ya kwanza hujibu swali la "nani?", na jibu ni Wele. Tabaka ya pili hujibu swali la "vipi?" na "kwa nini?": kwa nini mwezi una mabaka na nuru yake ni hafifu kuliko ya jua? Hapa msimuliaji ameangalia jambo linaloonekana kwa macho, akalitafutia sababu. Sayansi imeleta sababu nyingine, kwamba mwezi hauna nuru yake wenyewe bali huakisi nuru ya jua, na kwamba mabaka yake ni nyanda za miamba ya volkano. Maelezo yamebadilika, lakini tabia ya kuangalia na kuuliza ni ileile. Msomi asiyeamini Mungu huweza kuikubali tabaka ya pili kama jaribio la mwanzo la kueleza maumbile, akaiacha ile ya kwanza.

Nani huitwa mkana Mungu?

Kabla ya kuzieleza hoja, ni muhimu kuyapima majina. Neno "mkana Mungu" limejengwa kwa kitenzi kukana. Katika matumizi ya kawaida, mtu hukana deni, hukana kosa au hukana mtoto wake. Msikilizaji hudhani mara moja kwamba deni lipo na mtoto ni wake kweli. Kwa hiyo anayeitwa mkana Mungu ameshashtakiwa kwa kukataa jambo ambalo inadhaniwa analijua. "Kafiri" na "mpagani" hayafai zaidi, kwani yametumika kuwataja hata watu wenye dini, alimradi dini yao ni tofauti na ya msemaji. Neno "mulhidi" lina asili ya Kiarabu na hufahamika zaidi katika mijadala ya Kiislamu. Maelezo marefu kidogo, "asiyeamini Mungu", ndiyo yanayotaja msimamo bila kutoa hukumu.

Suala hili lina uzito wa kijamii. Februari 2016, jumuiya ya wasioamini Mungu ilisajiliwa rasmi nchini Kenya. Aprili mwaka uohuo usajili wake ukasitishwa baada ya malalamiko ya watu wa dini. Katika sensa ya mwaka 2019, zaidi ya watu 755,000 waliwekwa katika kundi moja la wasio na dini na wasioamini Mungu. Kundi hilo lenyewe linachanganya mambo mawili. Mtu anaweza kukosa dini rasmi na bado akaamini kuna Mungu. Vilevile anaweza kuipinga dini ya kigeni na kubaki muumini thabiti. Mfano mzuri ni Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliyeipinga misheni na serikali ya kikoloni. Wafuasi wa Dini ya Msambwa waliopigwa risasi na polisi huko Malakisi mwaka 1948 hawakuwa wamemkataa Mungu. Walikuwa wakimtafuta kwa njia ya wahenga wao.

Hoja zenyewe

Hoja ya kwanza ya wasioamini Mungu inahusu mnyororo wa visababishi. Waumini husema kila kitu kina chanzo, hivyo ulimwengu nao una chanzo, na chanzo hicho ni Mungu. Wasioamini huuliza: ikiwa kila kitu kina chanzo, Mungu naye chanzo chake ni nini? Na ikiwa inaruhusiwa kuwapo kitu kimoja kisicho na chanzo, kwa nini kitu hicho kisiwe ulimwengu wenyewe? Katika mjadala uliotangazwa na redio ya BBC mwaka 1948, mwanafalsafa Bertrand Russell alimweleza padri Frederick Copleston kwamba ulimwengu upo tu, na kwamba kuuliza sababu ya ulimwengu mzima si swali lenye maana.

Hoja ya pili inahusu utaratibu wa maumbile. Muumini wa Sirisia akiutazama Mlima Elgon huona udongo wenye rutuba, mito na mvua, akasema haya yamepangwa kwa ajili ya binadamu. Asiyeamini huutazama mlima uleule na kukumbuka kwamba ni volkano iliyozimika, iliyojengeka kwa mamilioni ya miaka kabla binadamu hajakuwapo. Huongeza kuwa miteremko hiyohiyo yenye rutuba ndiyo iliyoporomoka huko Bududa, upande wa Uganda, Machi 2010 na kuua zaidi ya watu 100. Kwake yeye, mlima hauna nia njema wala mbaya. Mvua nyingi ikikutana na mteremko mkali, udongo huteleza.

Hoja ya tatu hutegemea sayansi. Mwaka 1956, Clair Patterson alipima madini ya risasi katika vimondo na kukadiria umri wa dunia kuwa takriban miaka bilioni 4.55. Ulimwengu mzima hukadiriwa kuwa na miaka bilioni 13.8. Dunia ilijikusanya kutokana na gesi na vumbi lililozunguka jua changa. Katika kitabu chake cha mwaka 2010, Stephen Hawking alidai kwamba kanuni za fizikia zinatosha kueleza mwanzo wa ulimwengu bila kumhitaji Mungu.

Hata hivyo, uadilifu unadai yasemwe pia mambo mawili. Kwanza, nadharia ya mwanzo wa ulimwengu si mali ya wasioamini. Aliyeiasisi, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padri wa Kanisa Katoliki. Na mmoja wa wapinzani wake wakubwa, Fred Hoyle, hakuwa muumini, na aliona kwamba ulimwengu wenye mwanzo unakaribia mno kisa cha uumbaji. Pili, wakosoaji wa Hawking wameuliza kanuni hizo za fizikia zenyewe zilitoka wapi. Mjadala haujafungwa kwa upande wowote. Kutoamini Mungu ni msimamo wa kifalsafa unaoweza kuitumia sayansi, lakini haulingani nayo.

Kitenzi "kuumba" na swali la "nani?"

Hapa ndipo lugha inapoingia kwa nguvu zake. Zingatia sentensi hizi mbili:

(a) Mtungi ulivunjwa.
(b) Mtungi ulivunjika.

Sentensi (a), iliyo katika kauli ya kutendwa, humfanya msikilizaji aulize: na nani? Sentensi (b), iliyo katika kauli ya kutendeka, hueleza tukio na hali iliyopatikana, na wala haina nafasi ya mtenda. Haiwezekani kusema kwa ufasaha *"Mtungi ulivunjika na Wafula". Sasa badala ya mtungi uwekwe ulimwengu. Anayeuliza "Ulimwengu uliumbwa vipi?" anadhani anauliza kuhusu namna, lakini kiambishi -w- kimekwisha kumleta mtenda. Asiyeamini akijibu swali hilo kama lilivyo, amekubali nusu ya hoja ya mpinzani wake kabla hajaanza. Swali lisiloegemea upande ni "Ulimwengu ulitokea vipi?" au "Ulianzaje?".

Isidhaniwe kwamba sarufi huamua ukweli. Mtungi uliovunjika huenda uliangushwa na mtu. Kauli ya kutendeka humnyamazia mtenda, haimfuti. Kwa sababu hiyo muumini naye anaweza kuuliza "Ulianzaje?" bila kupoteza chochote, kisha akamleta Mungu kama jibu. Faida ya swali hili ni kwamba humwachia kila upande kazi ya kuthibitisha dai lake.

Ugumu huu si wa Kiswahili peke yake. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda aliyekiri kuwa yeye mwenyewe hakuamini mungu yeyote, alieleza jinsi mapadri wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Waacholi mwaka 1911 ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha yao haikuwa na dhana hiyo, swali liligeuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee walijibu kwamba binadamu huzaliwa na mama yake. Waliposhurutishwa zaidi, mmoja alikumbuka kwamba wapo watu wanaopindwa migongo na pepo aitwaye Rubanga. Basi jina la pepo wa kibiongo likawa jina la Muumba. Swali lililokosewa lilizaa jibu lililokosewa, na jibu hilo likaingia katika mafundisho.

Je, mzigo huu umo katika kila neno? La. Kitabu cha sayansi kinapomwita mdudu "kiumbe hai", au kinapotaja "maumbile", mzizi umba umo, lakini nguvu yake imefifia. Mkristo wa Sirisia husema "Ijumaa" bila kukusudia swala ya jamaa. Ndivyo ilivyo kwa neno "dunia", ambalo katika Kiarabu hutaja maisha haya ya karibu yakilinganishwa na ahera. Wengi hulitumia kwa maana ya sayari tu. Tahadhari inahitajika zaidi katika vitenzi vinavyobeba hoja na katika istilahi mpya. Istilahi "mlipuko mkuu" ni mfano mwingine: msikilizaji hufikiria baruti na kumtafuta aliyeiwasha, ilhali nadharia inazungumzia kutanuka kwa anga lenyewe kutoka katika hali ya joto na msongamano mkubwa. "Mtanuko mkuu" lingekaribia maana zaidi.

Ushahidi wa fasihi

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuonyesha kwamba lugha hii haiogopi swali hili. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), alivunja taratibu za usimulizi wa kihalisia ili kuhoji misingi ya imani na maarifa. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani (1999), aliupeleka mjadala wa kuwapo kwa Mungu hadi ahera kwenyewe, akitumia msamiati uleule wa dini kuibua mashaka ya wasioamini. Kazi hizi hazimlazimishi msomaji kuacha imani yake. Zinamwonyesha kwamba mashaka yanaweza kusemwa kwa Kiswahili sanifu, kwa heshima na kwa kina.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba hoja za wasioamini Mungu kuhusu asili ya ulimwengu zina mantiki yake, zina udhaifu wake, na zinastahili kutofautishwa na sayansi kwa upande mmoja na upinzani wa dini za kigeni kwa upande mwingine. Yameonyesha pia kwamba uteuzi wa jina na wa kauli ya kitenzi unaweza kuihukumu hoja kabla haijasikilizwa. Wahenga walisema: Mgala muue na haki yake umpe. Haki ya kwanza ya mshiriki wa mjadala ni kuulizwa swali ambalo halijamjibia. Walimu, wafasiri na waundaji wa istilahi wana wajibu wa kuilinda haki hiyo, ili mwanafunzi wa Sirisia anayemwamini Wele, anayemwamini Mungu wa Biblia na yule asiyeamini, wote watatu waweze kukaa darasa moja, wakauliza swali moja, na kila mmoja akalijibu kwa lugha iliyo yake.