Polima Inayohisi Joto na Ukuzaji wa Seli za Misuli

Misuli ya mifupa ina seli shina zinazoamka inapojeruhiwa na kukarabati jeraha dogo. Sehemu kubwa ikipotea, kwa mfano katika ajali ya pikipiki, pengo hujazwa na kovu lisiloweza kujikunja. Moyo una uwezo mdogo zaidi: misuli yake iliyokufa kwa kukosa damu haioti tena kwa kiwango cha kutosha.

Kwa sababu hiyo, watafiti hukuza seli za misuli maabarani juu ya polima. Kwa njia ya kawaida, seli zilizokua hubanduliwa kwa kimeng'enya, ambacho hukata pia viungio baina yake. Teruo Okano na wenzake nchini Japani walitumia polima inayobadilika kwa joto. Katika nyuzijoto 37 polima hiyo hukataa maji, na seli huishikilia. Ikipoozwa chini ya nyuzijoto 32 hufyonza maji, huvimba na kuziachia seli zikiwa utando mmoja mzima. Mpishi wa ugali haoni ajabu: ukoko unaogoma huiachia sufuria ukilowekwa.

Mwaka 2015 Japani iliidhinisha kwa masharti tando za seli zilizotolewa katika paja la mgonjwa mwenyewe na kuwekwa juu ya moyo ulioshindwa kufanya kazi. Mwaka 2024 tathmini ilionyesha kwamba manufaa yake hayakuthibitika, na tiba hiyo ikaondolewa. Maabara kufanikiwa si sawa na mgonjwa kupona.

Jijini Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hiyo ni tiba ya seli yenye ushahidi wa miaka mingi. Misuli iliyokuzwa maabarani haijafikia hatua hiyo.

Mgonjwa anayeahidiwa "seli za kuotesha misuli" kwa malipo aulize mambo mawili: je, utafiti huo una kibali cha maadili, na je, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba imeuruhusu? Akikosa jibu la maandishi, asitoe fedha. Mhudumu wa afya naye asimkejeli kwa tumaini lake. Amweleze kwamba dawa za moyo zisiachwe, na kwamba mazoezi tiba yanayoanzwa mapema huilinda misuli iliyobaki.