Ukipotea Njia, Usiisingizie Hedhi

Haya wadogo zangu, sogeeni. Binti mmoja wa Dar ameniuliza: “Dada, nikiwa kwenye siku zangu, Kariakoo napotea kabisa. Mchumba wangu anasema ni homoni, eti wanawake hatukuumbiwa kujua njia. Kweli?”

Mdogo wangu, mchumba wako ameokota nusu ya habari. Ni kweli kwamba estrojeni hufanya kazi hadi kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali. Mwaka 1990, Elizabeth Hampson wa Kanada aliwapa wanawake majaribio ya maumbo na mielekeo, akaona wanafanya vizuri zaidi estrojeni ikiwa chini. Na estrojeni huwa chini lini? Siku hizo hizo za hedhi unazozilaumu! Mpelekee hiyo.

Ila usishangilie mapema. Mwaka 2025 ulitoka uchambuzi uliounganisha tafiti zaidi ya 100, zenye wanawake karibu 4,000. Haukupata ushahidi madhubuti kwamba akili zetu hupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa hedhi. Kinachokupoteza siku hizo huenda ni tumbo linalokata na usiku wa kutolala. Mwenye maumivu hatazami njia. Tuliza maumivu kwanza, kisha uende sokoni.

Na wanaume je? Kwa wastani, kwenye majaribio mengi ya kutafuta njia wanatushinda, tusidanganyane. Lakini sababu si homoni peke yake. Mwaka 2016 ulitoka mchezo wa simu uitwao Sea Hero Quest, unaopima uwezo wa kutafuta njia, ukachezwa na watu zaidi ya milioni 4 duniani. Matokeo ya 2018 yalionyesha kuwa pengo kati ya wanaume na wanawake ni dogo zaidi kwenye nchi zenye usawa wa kijinsia. Homoni za wanawake wa nchi hizo ni hizi hizi zetu, mdogo wangu. Kinachotofautiana ni maisha: nani ametumwa mbali, nani ameachiwa usukani, nani ameambiwa “wewe kaa, kaka yako ataenda.”

Sasa tufanye kazi. Kabla hujatoka, iangalie ramani yote kwenye simu, ujue bahari iko upande gani na barabara kubwa ni zipi. Kisha simu iingie kwenye pochi. Wengi wetu hushika njia kwa alama: duka la dawa, kata kushoto, muuza viatu, kulia. Si vibaya, ila muuza viatu akihama umekwisha. Chagua alama zisizohama, na uwe unageuka nyuma, maana njia ya kurudi ina sura yake. Siku huna haraka, rudi kwa mtaa mwingine. Ukikwama, uliza, kwa sababu hofu ya kupotea ndiyo inayofunga macho.

Ukianza kupotea ghafla hata mtaani kwako, hilo si la kuja kwangu. Nenda kwa daktari.

Na wewe mwenye binti nyumbani, mtume. Mchana, njia salama, mwanzo karibu, kisha mbali kidogo. Akirudi usimuulize tu chenji, muulize amepita wapi.