Nyumba Bila Ardhi: Diplomasia ya Kibeberu na Ukanda wa Mwambao Ukitazamwa kutoka Bombolulu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Uingereza, Ujerumani na Usultani wa Zanzibar walivyoshindania pwani ya Afrika Mashariki na kuigawana tangu 1824 hadi 1963. Hoja kuu ni kwamba diplomasia hiyo haikuamua pwani ni ya nani. Ilichofanya ni kutenganisha milki na utawala: mmoja akaachiwa jina, mwingine akapewa matumizi. Utengano huo unafafanuliwa kwa mfano wa upangaji unaojulikana sana Kisauni, ambapo mtu humiliki nyumba lakini hamiliki ardhi iliyo chini yake.

1.0 Utangulizi

Bombolulu ni mtaa wa Kisauni, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara iendayo Malindi. Wengi wanaufahamu kwa sababu ya karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa mwaka 1969. Jirani yake ni Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society mwaka 1875. Kengele ya makao hayo ndiyo iliyopapa mahali hapo jina la Kengeleni. Frere mwenyewe, Sir Bartle Frere, hakuwa mmishonari. Alikuwa mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Seyyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Kwa hiyo anayepita Kengeleni anapita juu ya alama ya diplomasia, ajue asijue.

Alama ya pili haionekani kwa macho. Katika sehemu nyingi za Kisauni, mwenye nyumba si lazima awe mwenye ardhi. Mtu hujenga kwa gharama yake, hupangisha vyumba, hurithisha wanawe. Lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa huyo kodi ya ardhi. Nyumba ni yake, mchanga si wake. Mpango huu ndio utakaotumiwa hapa kama kurunzi ya kumulikia mikataba ya kibeberu, kwa sababu mikataba hiyo nayo ilijengwa juu ya msingi uo huo.

2.0 Jaribio la Kwanza: Mombasa, 1824–1826

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui, waliokataa kumtii Seyyid Said wa Omani. Mwaka 1824, walipohofia kuvamiwa, walipandisha bendera ya Uingereza na kumwomba Kapteni William Owen, wa manowari Leven, awape ulinzi. Owen alikubali bila idhini ya London. Alimwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi. Reitz alifariki mwaka huohuo, na jina lake limebaki Port Reitz, upande wa Changamwe.

Hata hivyo, serikali ya Uingereza haikuuridhia mpango huo. Seyyid Said alikuwa rafiki aliyehitajika katika Ghuba na katika njia ya kwenda Bara Hindi, na urafiki wake ulionekana kuwa na thamani kuliko bandari ya Mazrui. Mwaka 1826 ulinzi uliondolewa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitia Mombasa mikononi mwake. Huu ndio wakati wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, ambaye tungo zake nyingi za kisiasa zilizaliwa katika mvutano huo. Funzo la kipindi hiki ni kwamba bendera iliweza kupandishwa na wenyeji, lakini uamuzi wa kuishusha ulifanywa mbali, kwa sababu zisizowahusu wenyeji.

3.0 Zumari na Rula: 1884–1886

Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, pwani hii iliongezeka thamani. Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 uliweka kanuni kwamba taifa linalodai sehemu mpya ya pwani ya Afrika sharti liyaarifu mataifa mengine na liwe na mamlaka ya kweli mahali hapo. Wakati huo Carl Peters alikuwa amekwisha kukusanya mikataba Usagara na sehemu za jirani, nayo serikali ya Ujerumani ikaitambua mwezi Februari 1885. Seyyid Barghash alipinga. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, naye akalazimika kukubali.

Ndipo lilipozuka swali: nchi ya Sultani inaanzia wapi na kuishia wapi? Iliundwa tume ya wajumbe watatu, Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwingereza huyo alikuwa Kitchener, ambaye baadaye angevuma huko Sudan. Kiswahili kilikuwa na jibu lake katika msemo maarufu kwamba zumari ikipigwa Unguja, walio Maziwa Makuu hucheza. Msemo huu unaeleza mamlaka kwa mvuto: biashara, lugha, misafara na heshima. Tume haikupima mvuto. Ilitafuta maliwali, askari, forodha na bendera, yaani vitu vya kuhesabika.

Matokeo yalikuwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya Oktoba na Novemba 1886, ambayo Barghash aliyakubali mwezi Desemba. Sultani aliachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa bara kutoka mto Minengani hadi Kipini wenye upana wa maili 10 za baharini, takriban kilomita 18.5, na miji kadhaa ya Benadir. Bara iliyo nyuma ya ukanda iligawanywa kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro hadi Ziwa Viktoria. Bombolulu, iliyo kilomita chache tu kutoka baharini, ikaangukia ndani ya ukanda. Wadigo, Waduruma na Wagiriama, ambao mashamba yao hayakujua maili, walikatwa na mstari wasiouona.

4.0 Mpangaji Mwenye Nguvu Kuliko Mwenye Ardhi: 1887–1895

Sultani alibaki na ukanda, lakini si kwa muda mrefu. Mwaka 1887 alikodisha sehemu ya kaskazini, kutoka Umba hadi Kipini, kwa kundi la William Mackinnon, ambalo mwaka 1888 lilipata hati ya kifalme na kuwa Imperial British East Africa Company. Sehemu ya kusini ilikodishwa kwa kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, na papo hapo yakazuka mapambano yaliyoongozwa na Abushiri na Bwana Heri. Mwaka 1890, kwa mkataba wa Heligoland, Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza na kuiachia Witu. Pwani ya kusini ilinunuliwa moja kwa moja na Ujerumani kwa maki 4,000,000.

Kampuni ya Mackinnon ilifilisika kabla ya kutimiza lengo lake. Mwaka 1895 ilifidiwa pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa Zanzibar yenyewe, katika malipo yaliyotokana na kuuzwa kwa pwani ya kusini. Kwa maneno mengine, Sultani aliuza kipande kimoja cha pwani ili kumwondoa mpangaji katika kipande kingine, kisha hakurudishiwa funguo. Tarehe 14 Desemba 1895, Seyyid Hamed bin Thuwaini alitia saini mkataba ulioipa Uingereza utawala wote wa ukanda kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, mbali na riba ya fedha zilizomwondoa Mackinnon. Milki ilibaki ya Sultani, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu.

Hapa mfano wa Kisauni unaonekana dhahiri. Uingereza ilijenga reli, bandari na mahakama juu ya ardhi iliyokiri kwamba si yake, na ikalipa kodi kila mwaka. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: mpangaji wa Kisauni anaweza kuambiwa ahame, mpangaji huyu ndiye aliyemlinda, kumshauri na kumtawala mwenye ardhi.

5.0 Walioachwa Nje ya Mkataba

Mkataba wa 1895 ulitiwa saini huku vita vikiendelea. Mbaruk bin Rashid wa Gazi pamoja na Mazrui wenzake walipigana na Waingereza tangu 1895 hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mstari uliochorwa kuwatenga wakoloni ukawa mlango wa kumtoa mpinzani.

Pigo la kudumu zaidi lilikuja kwa kalamu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya ukanda wayawasilishe na kuyathibitisha. Waliokuwa na nyaraka, mawakili na uzoefu wa ofisi walipata hati. Wamijikenda wengi, waliotumia ardhi kwa desturi na kwa pamoja, hawakupata. Na ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Hivyo utengano wa milki na matumizi ulishuka kutoka kwa Sultani na Malkia hadi kwa jirani na jirani.

6.0 Barua za 1963

Uhuru ulipokaribia, swali la 1886 lilirudi. Wapo waliodai Mwambao ujitawale au urejee Zanzibar. Viongozi wengi wa Kiafrika, akiwemo Ronald Ngala, walikataa. Mwaka 1961 Sir James Robertson alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Mnamo Oktoba 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu Mohamed Shamte wa Zanzibar walibadilishana barua, na tarehe 8 mwezi huo mapatano yakatiwa saini London. Sultani aliiacha milki yake. Kenya iliahidi uhuru wa ibada, mahakama za Kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu na kuheshimiwa kwa hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa.

Ahadi ya mahakama za Kadhi ingali hai katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Ahadi ya hati ilikuwa na sura mbili. Kwa mwenye hati ilikuwa kinga ya haki. Kwa aliyekosa hati mwaka 1908, ilikuwa muhuri juu ya kukosa kwake. Sultani aliondoka, Mwingereza akaondoka, lakini nyumba ya mtu wa Kisauni ikabaki palepale juu ya ardhi ya mwingine. Si ajabu kwamba hoja ya mikataba hii ilifufuka tena katika siasa za Pwani baada ya 2008, chini ya kaulimbiu ya "Pwani si Kenya". Hati za diplomasia zilisomwa upya na watu ambao babu zao hawakuulizwa zilipoandikwa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba tangu 1824 hadi 1963 swali la "pwani ni ya nani?" liliahirishwa kila mara kwa kugawa jina huku na matumizi kule. Mgawanyo huo uliwafaa wenye manowari na wenye mihuri. Gharama yake ililipwa na wakaazi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili liko jambo la ziada. Maneno kama milki, utawala, ulinzi, himaya na kodi hutumiwa mara nyingi kana kwamba yanaweza kubadilishana nafasi, ilhali katika mikataba hii tofauti baina ya neno na neno iliamua hatima ya nchi. Upo uhitaji wa kukusanya msamiati wa ardhi unaotumiwa na wazee wa Bombolulu, Kongowea na Mlaleo kabla haujapotea. Huenda msamiati huo ukaeleza pwani hii kwa usahihi kuliko rula ya maili 10.