Nukta-mkato na Ukimya wa Tarakilishi: Kuunganisha Python na Pure Data

Makala haya yanaeleza jinsi lugha ya Python inavyoweza kuiamuru programu ya sauti ya Pure Data kupitia mtandao. Pure Data ilibuniwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990. Mtumiaji wake haandiki mistari ya amri, bali huchora visanduku na kuviunganisha kwa nyuzi.

Hebu tuchukue mfano. Katika Pure Data, chora kisanduku "netreceive 3000". Hilo ndilo sikio linalosikiliza katika lango nambari 3000. Kiunganishe na "route noti", "mtof", "osc~", "*~ 0.1" na "dac~" mtawalia, kisha uwashe DSP. Katika Python, fungua soketi ya TCP kuelekea anwani 127.0.0.1, yaani tarakilishi iyo hiyo, na utume maneno "noti 69;". Noti hiyo hugeuzwa kuwa mitetemo 440 kwa sekunde, nayo sauti husikika.

Ukiisahau nukta-mkato, kimya! Anayejifunza huenda akadhani mtandao umekatika. La hasha. TCP hupitisha maneno kama mto usio na mipaka, na Pure Data hungoja alama inayokamilisha kauli. Ukituma "noti 71;" baadaye, kauli hizo mbili hugandana zikawa moja isiyoeleweka.

Hivyo basi, sisi wanafunzi wa lugha tusiudharau uakifishaji. Si pambo la maandishi. Ndio mpaka wa maana, kwa binadamu na kwa mashine vilevile.